Majitaka ya kiwanda na jicho la mkaguzi: majibu kwa wasomaji

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wenye viwanda vidogo vinavyotumia kemikali, na moja imetoka kwa mkazi anayeishi upande wa pili wa ukuta wa kiwanda. Hazilingani uzito, kwa hiyo na majibu hayalingani urefu.

SWALI: Tunatengeneza sabuni ya mche na sabuni ya maji. Kwa siku tunapata kama lita 5,000 za majitaka ya kuoshea masufuria na matangi. Afisa alipima akakuta pH 12, akatuandikia tusitiririshe mpaka turekebishe. Tukaongeza maji ya bomba mpaka yote yakawa karibu mara mbili na nusu, pH ikashuka mpaka 11.6 tu. Kwa nini maji hayasaidii, na tufanye nini?
*Watengeneza sabuni, Dar es Salaam*

JIBU: Maji yamewaangusha kwa sababu ya namna pH, kipimo cha uasidi na ukali wa maji, inavyohesabiwa. Kila ngazi moja ya kipimo hicho ni mara kumi. Kutoka 12 kushuka hadi 9 tu, ambayo bado imezidi kikomo cha 8.5, ni ngazi tatu, yaani mara elfu moja. Kwa hesabu ya maji matupu, lita zenu 5,000 zingetakiwa zifike lita milioni 5. Mlizidisha mara mbili na nusu mkapata sehemu nne za kumi za ngazi moja, sawasawa na hesabu inavyotaka.

Tena kuongeza maji ni ujanja unaojulikana. Mkaguzi mzoefu huomba bili za maji na daftari la uzalishaji, akaviweka pamoja. Maji yakipanda huku sabuni iliyotoka ni ileile, ameshajua. Uchafu wenyewe haujapungua hata kidogo: mita za ujazo 5 zenye COD ya miligramu 6,000 kwa lita ni kilo 30 za uchafu, na mita za ujazo 10 zenye miligramu 3,000 ni kilo zilezile 30. (COD ni kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuunguza uchafu wote kwa kemikali, BOD ni kile kinachotumiwa na vijidudu kwa siku tano.)

Kinachotakiwa ni asidi. Kama ukali wote ungekuwa wa kostiki (soda ya kutengenezea sabuni) tupu, pH 12 ni gramu 0.4 za kostiki kwa lita, basi lita 5,000 zina kilo 2. Hizo zinazimwa na karibu kilo 2.5 za asidi ya salfuriki safi, sawa na kama lita 5 na nusu za asidi mpya ya betri ya dukani. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Majitaka ya sabuni yana pia magadi, silikati na sabuni yenyewe, na vyote hivyo hula asidi huku pH imesimama palepale. Si ajabu mkahitaji mara mbili au tatu ya hapo, kwa hiyo msinunue asidi kwa kukisia. Pimeni kwanza kwenye ndoo.

Koroga tangi vizuri, chota lita 1 ya majitaka. Pembeni, mimina sehemu 1 ya asidi ya betri ndani ya sehemu 9 za maji. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, maana joto lake hurusha matone usoni. Vuta mchanganyiko huo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ongeza mililita 1 kwenye majitaka, koroga, subiri dakika moja, soma pH, andika. Endelea hivyo mpaka ifike 8. Tuseme zimetumika mililita 22. Hizo ni mililita 2.2 za asidi ya betri yenyewe kwa kila lita, basi tangi la lita 5,000 linataka lita 11. Rudieni jaribio kila mnapobadilisha aina ya sabuni, kwa kuwa sabuni ya mche na sabuni ya maji hazidai asidi sawa.

Kwa kazi ya kila siku mnahitaji matangi mawili ya plastiki, moja likijaa jingine likitibiwa. Msitumie shimo la zege: asidi ya salfuriki hula saruji, baada ya miezi kadhaa shimo linavujia ardhini bila mtu kujua. Kukoroga kwa hewa ya kompresa, ambako wengi hukimbilia, kwenu kutajaza povu hadi barabarani. Wekeni pangaboi la plastiki linalozunguka polepole. Mimina kwanza asilimia 70 ya asidi mliyokokotoa, ikiwa tayari imechanganywa na maji, koroga dakika 15, soma. Kisha ongeza kidogokidogo, robo lita ya asidi kwa mara moja. Kuanzia pH 9 kushuka chini kipimo huanguka ghafla, na ndipo wengi wanapopitiliza wakajikuta kwenye 4. Lengeni 7.5 hadi 8, mbaki na nafasi pande zote mbili. Anayeshika asidi avae miwani ya kufunika macho, glavu ndefu za mpira na aproni, na bomba la maji yanayotiririka liwe hatua chache kutoka alipo.

Sasa mambo yanayoharibika.

La kwanza, na baya kuliko yote, ni asidi ya betri kuukuu. Inauzwa kwa bei ya kutupa, au hutolewa bure kabisa, na inashusha pH kama ile mpya. Lakini ina risasi iliyoyeyuka. Mtakuwa mmebadilisha kosa la pH, ambalo linarekebishika kwa mchana mmoja, kuwa kosa la risasi, ambalo haliondoki mtoni.

Silikati, ile inayoongezwa kwenye sabuni ya mche ili iwe ngumu, huganda kama uji mzito pH inapokaribia 9, ikaziba pampu. Asidi iliyochanganywa na maji mengi, ikiingia taratibu huku mnakoroga kwa nguvu, huifanya iwe chembe ndogo zinazotua chini badala ya donge moja.

Mabaki ya salfoniki, malighafi ya sabuni ya maji, nayo ni asidi, na watu hushawishika kuyatumia kuzimia kostiki. pH inashuka kweli, ila COD na povu vinapanda maradufu.

Kipimo cha pH chenyewe hudanganya. Kirekebisheni kila asubuhi kwa vimiminika vya pH 7 na 10, si 7 na 4, kwa kuwa nyinyi mnafanya kazi upande wa kostiki. Ncha yake ihifadhiwe kwenye maji ya kloridi ya potasiamu. Ikikaa kwenye maji yaliyotoneshwa inakufa. Utando wa sabuni ukiishika, husoma polepole na kwa uongo. Karatasi za rangi zinafaa kukisia tu, na kwenye sabuni yenye rangi hazifai hata hilo.

pH ikishakaa sawa, msishangae mkaguzi akarudi na karatasi nyingine. Kiwango cha Tanzania cha majitaka, TZS 860, kinataka pH 6.5 hadi 8.5, BOD isiyozidi miligramu 30 kwa lita, COD 60 na chembe zinazoelea 100. Majitaka ya sabuni yakitoka na COD ya maelfu, pH nzuri haiwaokoi. Dawa ya bei nafuu kuliko zote hapa ni kutoyazalisha. Kabla ya kuosha, kwangueni sufuria kwa mpira bapa, kama fundi anavyokwangua kioo. Maji ya suuzo la kwanza, lita 50 hadi 100, ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya sabuni: yawekeni kwenye pipa lenye lebo ya aina ya sabuni, yawe maji ya kuanzia mzigo unaofuata wa aina hiyohiyo. Kinachobaki cha sabuni ya mafuta mnaweza kukishusha hadi pH 3 au 4, mafuta yakajitenga na kuelea kama malai, mkayaengua, kisha mkapandisha pH kwa chokaa. Njia hiyo haifanyi kazi kwa sabuni ya maji ya salfoniki, kwa hiyo msichanganye mikondo hiyo miwili. Hata baada ya hapo mtahitaji ama matibabu ya vijidudu ama ruhusa ya kuingiza kwenye mtandao wa majitaka wa DAWASA, ambao una masharti yake. Anayetiririsha mtoni au ardhini huomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde, kwenu ni Wami/Ruvu, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Hicho ni tofauti na cheti cha mazingira, na tofauti na usajili wa kemikali kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Watu hushika kimoja wakadhani wamemaliza vyote.

Na ile barua ya afisa, ijibuni sasa hivi, kabla mtambo haujakamilika. Elezeni pH mliyoipima kila siku kwa wiki mbili, matokeo ya jaribio la ndoo, tangi lipi linanunuliwa, litafungwa tarehe gani, na katikati ya hapo majitaka mnayaweka wapi. Barua yenye namba na tarehe hufungua mazungumzo. Inayosema “tunalifanyia kazi suala hili” inaishia kwenye faili, na faili hilo ndilo litakalofunguliwa siku ya kufungiwa.

SWALI: Mkaguzi wa mazingira alikuja bila taarifa. Je, nilikuwa na haki ya kumzuia getini?
*Meneja wa kiwanda cha rangi, Thika*

JIBU: Hapana. Sheria ya mazingira ya Kenya (EMCA, 1999) inampa mkaguzi ruhusa ya kuingia wakati wowote unaofaa bila hati ya mahakama. Una haki ya kuona kitambulisho chake na kuongozana naye kila anapokwenda. Akichota sampuli, omba ajaze na chupa yako kutoka ndoo ileile, muda uleule, kisha uipeleke kwenye maabara iliyoidhinishwa siku hiyohiyo ndani ya boksi la barafu. Sampuli ya BOD iliyolala kwenye buti la gari haina maana kwa upande wowote. Andika mahali alipochota, saa, na kama mvua ilikuwa inanyesha. Usitie sahihi fomu yenye nafasi tupu. Ukipewa amri unayoona si ya haki, baraza la rufaa la mazingira lipo, na una siku 60. Malipo yoyote ya serikali hupitia eCitizen. Anayetaka mkononi hajatumwa na sheria.

SWALI: Tunapaka kromu kwenye bampa na vipuri vya pikipiki. Maji ya suuza ni ya njano na tumeambiwa ni sumu. Kuna njia ya kuyatibu bila mtambo wa mamilioni?
*Mafundi wa jua kali, Nairobi*

JIBU: Ipo, na inaingia kwenye mapipa mawili ya lita 200. Lakini kwanza swali la usalama: karakana yenu inapaka pia shaba au zinki kwa maji yenye sayanaidi? Kama ndiyo, maji hayo yawe na mfereji wake mbali kabisa. Sayanaidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua ndani ya dakika chache, na matibabu ya kromu yanaanza kwa asidi.

Njano hiyo ni kromu ya aina ya sita, inayosababisha saratani na inayosafiri na maji popote yaendapo. Kazi ni kuigeuza iwe kromu ya aina ya tatu, kisha kuiangusha chini iwe tope. Jaza pipa, ongeza asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji mpaka pH iwe kati ya 2 na 2.5. Hapo weka metabisalfaiti ya sodiamu, unga mweupe unaouzwa kwa wasindikaji wa vyakula na watibu maji. Kila gramu 1 ya kromu hiyo inahitaji gramu 2.7 za unga. Kwa vitendo weka 3 hadi 4. Maji ya lita 200 yenye miligramu 100 kwa lita yana gramu 20 za kromu, kwa hiyo gramu 60 hadi 80 zinatosha. Koroga nusu saa. Njano itageuka kijani kilichopauka. Fanyeni hivi mahali penye upepo, kwa sababu pipa hutoa harufu inayokaba koo ya dioksidi ya salfa. Harufu ikiwa kali mno, unga umezidi.

Macho hayatoshi. Rangi hupotea kabla kromu haijaisha, na kikomo kilichowekwa na kanuni za Kenya za 2006 kwa majitaka yanayokwenda kwenye mazingira kilikuwa miligramu 0.05 kwa lita, kiasi ambacho hakuna jicho linalokiona. Nunueni kifaa cha kupimia cha matone ya difenili-kabazaidi: maji yakigeuka waridi au zambarau, bado ipo. Pasipo waridi, hamishieni pipa la pili, ongezeni maziwa ya chokaa mpaka pH 8 hadi 8.5. Msipite hapo mkidhani chokaa nyingi ni usalama zaidi. Kuanzia 10 tope la kromu huanza kuyeyuka tena. Nikeli, kwa bahati mbaya, inataka karibu 10 ili iangukie chini, na ndiyo sababu suuza ya nikeli na suuza ya kromu hazitibiwi pamoja. Acheni yatulie usiku kucha, vuteni maji ya juu kwa mpira, pimeni tena, ndipo myaachie.

Tope linalobaki ni taka hatari. Likaushwe kwenye turubai chini ya paa, liwekwe kwenye pipa lenye lebo na tarehe, na lichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Risiti yake ni mali. Bila risiti, kazi yote hiyo ya mapipa machoni pa mkaguzi haikufanyika.

Kabla ya yote hayo, angalieni bampa linavyotoka kwenye beseni. Fundi akilining'iniza sekunde 20 au 30 likatonea mlemle kabla ya kulisogeza, na suuza ya kwanza ikiwa ya maji yaliyotulia ambayo baadaye mnayarudisha kujazia beseni, kromu inayofika kwenye pipa la matibabu hupungua sana. Kromu hiyo mmeinunua. Kuitibu ni kuilipia mara ya pili.

SWALI: Kampuni yetu kubwa ya kemikali ina ISO 14001 na wakubwa wanataka tujiunge na Responsible Care, mpango wa hiari wa kampuni za kemikali kujisimamia usalama na mazingira. Wanasema tukijisimamia wenyewe, serikali itatupunguzia ukaguzi. Ni kweli?
*Afisa mazingira, Mombasa*

JIBU: Historia ya mpango huo inajibu vizuri kuliko sisi. Ulianzia Kanada mwaka 1985, mwaka mmoja baada ya maafa ya Bhopal, India, ambako usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Desemba 1984 gesi ya methili isosayaneti ilivuja kutoka kiwanda cha Union Carbide ikaua maelfu ya watu. Sekta nzima ilikuwa imepoteza imani ya umma. Chama cha wazalishaji kemikali cha Marekani kiliuchukua mwaka 1988, kikaufanya sharti la uanachama. Maneno yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni mtu wa nje wa kuhakiki na adhabu kwa asiyetekeleza. Watafiti Andrew King na Michael Lenox walipochambua takwimu za utoaji wa sumu na kuchapisha matokeo mwaka 2000, hawakuona dalili kwamba wanachama walikuwa wanajisafisha haraka kuliko wasio wanachama. Dalili walizoziona zilielekea upande wa pili: wanachama walikuwa nyuma. Kwa maneno mengine, paa lile lilikuwa kimbilio zuri kwa wachafu. Baadaye chama hicho kilileta uthibitisho wa wakaguzi wa nje, jambo ambalo lingekuwapo tangu mwanzo.

Linganisha na kilichotokea upande wa sheria. Mwaka 1986 Marekani ilipitisha sheria iliyolazimisha viwanda kutangaza hadharani, kemikali kwa kemikali, ni kiasi gani wanaachia hewani, majini na ardhini. Haikumwambia mtu apunguze hata kilo moja. Lakini Richard Mahoney, mkuu wa Monsanto, alipoona jumla ya kampuni yake, aliahidi mwaka 1988 kupunguza utoaji wa sumu hewani kwa asilimia 90 ifikapo mwisho wa 1992. Jimbo la Massachusetts lilikwenda mbele zaidi kwa sheria yake ya 1989: kiwanda kinachotumia kemikali za sumu kwa wingi lazima kiripoti, kilipe ada, na kiandike mpango wa kupunguza matumizi, uliothibitishwa na mpangaji mwenye cheti. Kuutekeleza si lazima. Hapo wengi hucheka, lakini mpango ulioandikwa humwonyesha mwenye kiwanda ni fedha kiasi gani zinatoka kupitia bomba la majitaka, na hakuna anayependa kuziangalia zikiondoka mwaka wa pili.

Tukirudi kwenu: ISO 14001 inathibitisha kwamba mna mfumo wa kusimamia mazingira. Haisemi maji yenu ni masafi. Inawezekana kabisa kuwa na cheti ukutani na risasi mferejini. Jiungeni na Responsible Care kama inawaletea nidhamu, ila msiipeleke NEMA kama sababu ya kupunguziwa ukaguzi. Pelekeni kilo: kilo za uchafu kwa kila tani ya bidhaa, mwezi kwa mwezi, pamoja na miezi mibaya na maelezo ya kilichoharibika. Kupata kilo hizo kunahitaji kujua mtiririko, na hapa kampuni nyingi kubwa zinaaibika. Wekeni kwenye mfereji bamba lenye pembe ya V ya nyuzi 90. Maji yakisimama sentimita 10 juu ya ncha ya V, zinapita kama lita 4.4 kwa sekunde. Pimeni kimo hicho kwa rula, hatua kadhaa nyuma ya bamba pale maji hayajaanza kuinama, si juu ya bamba lenyewe. Kosa hilo peke yake hupunguza hesabu yenu, na mkaguzi anayejua kazi atadhani ni makusudi.

Jambo moja zaidi wanaloligundua kwa kuchelewa wanaosafirisha bidhaa kwenda Ulaya: kanuni ya REACH, iliyoanza Juni 2007, inataka kila kemikali inayoingizwa kuanzia tani 1 kwa mwaka isajiliwe pamoja na taarifa za madhara yake, na mzigo wa kutoa ushahidi uko kwa kampuni, si kwa serikali. Mteja wenu wa huko atawaomba takwimu ambazo NEMA haijawahi kuziomba. Ni afadhali ziwe zimeshakusanywa.

SWALI: Mapipa matupu ya bluu tunayauza kwa majirani wanaohifadhia maji. Yanasuuzwa kwanza. Kuna tatizo?
*Muuza kemikali, Morogoro*

JIBU: Inategemea yalibeba nini, na muuzaji wa tatu hatajua. Pipa la kostiki au klorini ya maji likisuuzwa kwa maji safi mara tatu halibaki na kitu cha kutisha, ingawa hata hilo ni bora lirudi kwa aliyewauzia. Pipa la viuatilifu, viyeyushi au rangi halisafishiki: plastiki hunywa kemikali ndani ya ukuta wake na kuirudisha polepole kwenye maji yanayohifadhiwa, hasa juani. Hayo yasuuzwe mara tatu (jaza robo, funga, tikisa nusu dakika, mwaga ndani ya tangi la kuchanganyia dawa, si mtaroni), kisha yatobolewe chini na ubavuni papo hapo. Pipa lisilotobolewa litauzwa hata kama nyie hamkuliuza. Mlinzi wa usiku naye ana watoto wa kusomesha. Wekeni daftari: mapipa yaliyoingia, yaliyorudishwa, yaliyotobolewa. Watu wa Mkemia Mkuu wakija wataliomba.

SWALI: Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanda kinachoyeyusha betri. Usiku kuna moshi, na mfereji unabadilika rangi mvua ikinyesha. Tumelalamika kwa mdomo mara nyingi. Tuanzie wapi?
*Mkazi, pwani ya Kenya*

JIBU: Anzeni kwa daftari la shule la kurasa 96. Tarehe, saa moshi ulipoanza na kuisha, upepo ulikotoka, rangi ya mfereji, nani aliona. Viwanda vinavyokwepa huachia usiku na wakati wa mvua, na daftari la wiki sita linaonyesha mpangilio ambao malalamiko ya mdomo hayawezi kuuonyesha. Picha zipigwe kutoka barabarani au kwenye nyumba zenu. Msiruke ukuta, mtampa mwenye kiwanda kesi ya bure. Mkichota maji, jazeni chupa tatu safi za lita moja: juu ya kiwanda, pale yanapotokea, na chini. Bila ile ya juu atasema uchafu umetoka kwa wengine. Sampuli zenu hazitashinda kesi peke yake, ila zinamlazimisha mkaguzi aje na za kwake.

Barua iende ofisi ya NEMA ya kaunti, nakala kwa idara ya mazingira ya kaunti, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Sambamba na hiyo, tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 kuomba vitu vilivyotajwa kwa majina: leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira, ripoti ya ukaguzi ya kila mwaka, leseni ya kutiririsha majitaka na matokeo ya vipimo yaliyowasilishwa. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. (Kwa wasomaji wa Tanzania, sheria yenu ya mwaka huohuo inatoa siku 30.) Kujibiwa kwamba nyaraka hizo hazipo ni ushahidi mzuri kuliko nyaraka zenyewe.

Mkifika mahakamani, Katiba ya Kenya ya 2010 inawapa haki ya mazingira safi katika ibara ya 42, na ibara ya 70 inasema mlalamikaji hahitaji kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au kuumia. Mnajua bila shaka kisa cha Owino Uhuru, Changamwe, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwajaza watu risasi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua tuzo hiyo mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Tazama nani alibebeshwa mzigo: si kampuni peke yake, bali NEMA na wizara pia, kwa kutoa vibali na kutofuatilia. Ndiyo maana barua yenye muhuri ina nguvu. Inamwondolea afisa nafasi ya kusema hakujua.

Hayo yote yakiendelea, wapimeni watoto walio chini ya miaka sita. Ombeni kipimo cha risasi kwenye damu iliyovutwa kwenye mshipa. Tone la kidoleni huchafuliwa na vumbi la ngozi na kutoa namba ya juu isiyo ya kweli. Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita. Sakafu zipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, zisifagiliwe kavu. Na baba anayefanya kazi ndani ya kiwanda hicho avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.